Mteremko wa Mlango wa Nyuma

Inspekta alichutama mbele ya mlango wa nyuma wa ukumbi wa halmashauri, akaziangalia bolti zilizobaki kwenye zege bila kuzigusa. Koplo wake alisimama nyuma yake ameshika mwavuli usio na kazi, maana mvua ya juzi mchana ilikwisha kwenda zake, ikaacha tope.

Hadi juzi, mahali hapo palikuwa na mteremko wa chuma uliopakwa rangi ya njano. Wenye viti vya magurudumu waliupanda kuingia ukumbini, na wenye magongo, na akina mama wenye vigari vya watoto. Sasa palikuwa na kizingiti kilichomfika mtu magotini, na chini yake pengo.

"Wezi wa vyuma chakavu, afande," Koplo alisema. "Wiki iliyopita waling'oa vifuniko vya mitaro. Watu hawa wanaweza kung'oa hata msumari wa jeneza."

"Na mwenye jeneza angekuja kushtaki kwetu. Hebu inama. Juu ya bolti pana nini?"

"Nati."

"Zimefungwa?"

Koplo aliinama zaidi. "Zimefungwa, tena mpaka chini. Na washa zake, zile pete za chini ya nati, zipo."

"Wewe ukiiba gurudumu la gari la mtu, utarudishia nati mahali pake ndipo ukimbie?"

"Labda niwe mwizi mwenye adabu."

"Hakuna mwizi wa namna hiyo," Inspekta alisema, akainuka na kukung'uta sketi yake. "Mwizi hukata. Akiwa na muda akafungua, nati anazitupa. Anayerudishia nati ni mtu wa kazi, na anafanya hivyo kwa sababu moja tu: anajua kile alichokifungua kitarudi palepale, na hataki siku hiyo kuanza kutafuta nati kwenye majani. Ni mazoea ya mkono. Mkono haujui kwamba kuna wizi."

Aligeuka kuutazama uwanja. Ulikuwa uwanja wa wazi, mpana, uliotenganisha ukumbi na nyumba za mtaani. Tope lilikuwa limeanza kukauka juu, na lilikuwa limetunza kila kilichopita. Palikuwa na nyayo za watu, na mistari miwili myembamba ya kiti cha magurudumu iliyotoka kwenye nyumba ya kwanza, ikafika mbele ya kizingiti, ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Nikumbushe maneno ya Bwana Ramani," alisema.

Bwana Ramani ndiye Afisa Ardhi wa halmashauri. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuonekana bila ramani iliyokunjwa kwapani, kama mtu aliyetoka kununua mkate. Ndiye aliyekwenda kituoni jana asubuhi kutoa taarifa ya wizi, na kwa taarifa hiyo mlinzi wa ukumbi alikuwa selo.

"Alisema jana alfajiri alimwona mlinzi na mtu mwingine wakisukuma mkokoteni," Koplo alieleza. "Juu yake pana chuma cha njano. Wakakata uwanja kuelekea kwa Sumaku, yule mnunuzi wa vyuma."

"Wakakata uwanja."

"Ndivyo alivyosema, afande."

Inspekta aliutazama uwanja tu. Koplo naye akautazama, kushoto mpaka kulia, halafu taratibu akavua kofia.

"Mkokoteni wenye mzigo ule ungezama hapa mpaka kwenye ekseli," alisema.

"Ungezama, na sisi tungeona ulipozama. Basi Bwana Ramani kasema uongo. Lakini uongo wake hautuambii mteremko uko wapi, na mimi nautaka kabla ya kikao cha saa nane. Twende kwa mwenye mistari hii ya magurudumu."

*

Mama Cherehani alikuwa mlangoni kwake, kwenye kiti chake cha magurudumu, na mbele yake meza yenye cherehani ya mkono. Alikuwa akishona kola za sare za shule. Hakuacha kushona walipofika. Alipunguza mwendo tu.

"Karibuni. Kama mmekuja kuniambia kaka yangu amekiri, geuzeni hapohapo."

"Hajakiri," Inspekta alisema. "Habari za asubuhi, dada."

"Mbaya. Kaka yangu ndiye anayenisukuma kwenda kila mahali. Sasa kalala selo kwa kuniibia mimi njia. Hebu niambie, mwenzangu, umeona wapi mtu akaiba mguu wake mwenyewe?"

"Bwana Ramani anasema njaa haina undugu."

"Njaa ya nani? Ya kaka yangu au yake?"

Koplo alikohoa ili asicheke. Inspekta alivuta kigoda, akaketi usawa wa macho ya mwenye nyumba.

"Nieleze ya saa nane."

Mama Cherehani aliisimamisha cherehani kwa kiganja. "Wanataka kubadilisha matumizi ya uwanja huu. Leo ni eneo la wazi, kesho yawe maghala. Ukuta utapita hapa." Alinyoosha mkono, na mkono ukawa umefika kwenye huo ukuta. "Mlango wangu wa pili unatokea kwenye ngazi za mtaro. Kwa hiyo wakijenga, mimi ndiyo nimefungwa ndani, na hakuna mtu atakayesema nimefungwa, maana sina pingu."

"Wenzako hawakupinga?"

"Tulipinga wengi. Mmoja kaahidiwa kibanda, mwingine kazi kwenye hayo maghala. Wameondoa pingamizi zao mmojammoja kama watu wanaotoka msibani. Nimebaki mimi. Leo saa nane kamati inakaa. Wataniita mara tatu. Nisipoitika nikiwa ndani ya ukumbi, pingamizi limekufa na uwanja umekwenda."

"Mama, hilo dogo," Koplo alisema. "Mimi na askari mwenzangu tutakubeba, tukupandishe ngazi za mbele."

"Mwanangu, una mgongo mzuri, Mungu akutunzie. Mwaka jana walinibeba hivyohivyo wakanidondosha. Kiwiko hiki ukikitazama utaona hakinyooki. Lakini siogopi kudondoshwa. Nikibebwa leo, kesho wataandika kwamba mlango wa mbele unamtosha kila mtu, na mteremko hautarudi maisha. Nitaingia kwa magurudumu yangu au sitaingia."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali. "Swali moja, na unijibu kweli. Kaka yako anajuana na Sumaku?"

Mama Cherehani aliokota uzi uliokuwa mapajani, akauzungusha kidoleni.

"Alikwenda kwake wiki hii," alisema. "Nilimuuliza anafuata nini. Akaniambia, utaona mwenyewe."

"Asante kwa kunijibu kweli," Inspekta alisema, akainuka.

Walipofika barabarani Koplo alisema, "Afande, hilo si zuri kwa mlinzi."

"Si zuri wala si baya. Ni jambo lisilojulikana. Twende likajulikane."

*

Sumaku aliketi katikati ya ua wake wa vyuma, kwenye kiti cha gari lisilokuwepo. Kulikuwa na marundo ya mabati, mabomba na vitanda vya hospitali vilivyokunjika.

"Karibu mama mkubwa!" alipaza sauti. "Leo nimeiba nini?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza. Mlinzi wa halmashauri alifika hapa?"

"Alifika."

"Alileta nini?"

"Maneno matupu. Alitaka beringi za gurudumu. Anasema kiti cha dada yake kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na dada mtu anaona haya kupita mbele za watu. Nikamwambia nitamtafutia zinazolingana." Alipenyeza mkono chini ya kiti, akatoa kifurushi cha kitambaa kilicholoa grisi. "Hizi hapa. Muda wa kuja kuzichukua mmemnyima nyinyi."

Inspekta alifungua kitambaa, akazungusha beringi moja kwa kidole. Ilizunguka bila sauti.

"Na mteremko wa njano?"

"Mama, mimi nina tamaa, sina wazimu. Chuma kile mtaa mzima unakijua. Ningekificha wapi, chini ya mto wa kulalia? Anayeniletea vyuma huleta vipande. Chuma kizima kilichofunguliwa vizuri namna ile anacho mtu anayekihitaji kizima." Akajikuna kidevu. "Na yule bwana wenu wa ramani naye nilimwambia hivyohivyo kwamba mlinzi alifika kufuata beringi."

"Bwana Ramani alikuja hapa?"

"Jana. Hanisalimu miaka yote, jana kaja kunipa mkono. Anauliza, mlinzi huwa anafika kwako? Nikasema alifika wiki hii. Akafurahi kama mtu aliyeokota. Habari ya beringi hata hakungoja niimalize."

"Jana saa ngapi?"

"Nilikuwa sijafungua. Mlikuwa hamjamkamata mlinzi, maana hapa mbele mlimpitisha baadaye nikamwona."

Inspekta alikifunga kitambaa, akampa Koplo akishike. Walipotoka uani Koplo alishindwa kungoja.

"Kwa hiyo alikuja kwanza kutafuta pa kuuelekezea wizi, akapata, ndipo akaja kwetu."

"Ndivyo. Sasa panga mwenyewe kuanzia mwanzo."

Koplo alihesabu kwa vidole. "Juzi jioni mlinzi anaingia kazini. Kama alivyotueleza selo, Bwana Ramani anamwambia akae lango la mbele asubiri viti vya wageni. Viti haviji. Wakati huo mteremko unafunguliwa kule nyuma na mtu mwenye spana. Jana asubuhi Mama Cherehani anatoka kujaribu njia, anakuta pengo, anapiga kelele. Watu wanajaa. Bwana Ramani hakutegemea kelele hizo. Inabidi aseme kitu."

"Akasema kimeibwa. Neno hilo likataka mwizi, na mwizi akataka mkokoteni. Njia ya mwongo ni fupi, Koplo, lakini huijenga mwenyewe hatua kwa hatua. Mteremko ulikwenda wapi?"

"Uwanjani haukupita, tope linakataa. Mbele kuna lango, na mlinzi alikuwepo." Koplo alisimama. "Afande, umeingia ndani."

"Umeingia ndani," Inspekta alikubali, akaongeza mwendo.

*

Zilipobaki dakika chache kufika saa nane, ukumbi ulikuwa tayari. Mbele palikuwa na jukwaa lililofunikwa zulia jekundu, na juu yake meza ndefu na viti vya wajumbe, maana Mwenyekiti wa kamati hakupenda kukaa usawa mmoja na wananchi. Tarishi, mzee mwembamba mwenye koti la ofisi, alikuwa akipanga bilauri. Bwana Ramani alikuwa akitundika ramani yake ukutani.

Inspekta alipitia mlango wa nyuma. Fremu yake ilikuwa nyeupe. Upande wa ndani, usawa wa kifua, palikuwa na mkwaruzo wa njano. Aliukwangua kwa ukucha, unga wa njano ukabaki kidoleni. Akamwita Koplo kwa jicho.

"Pekua stoo na vyoo."

Kisha akamwendea Afisa Ardhi.

"Bwana Ramani, nisaidie kidogo. Mlinzi na mkokoteni, uliwaona wakipita wapi?"

"Nilikwisha eleza kituoni, Inspekta."

"Nisaidie tena. Uzee unakuja."

"Walikata uwanja. Pale katikati." Alionyesha kwa fimbo ya ramani. "Niliwaona kwa macho yangu haya mawili."

"Katikati. Na mzigo juu."

"Na mzigo juu."

"Tarishi, umesikia?" Inspekta aliuliza bila kugeuka.

"Nimesikia, mama," tarishi alijibu kutoka mezani.

Koplo alirudi akipangusa utando wa buibui kichwani. "Stoo hamna kitu, afande," alinong'ona. "Kuna jukwaa la mbao tu, bovu, limeliwa na mchwa. Ukiligusa linakuwa unga."

Inspekta alimtazama, halafu akatazama mbele ya ukumbi. Hapohapo wajumbe wakaanza kuingia, na watu wakasimama.

Mwenyekiti, mtu mnene mwenye miwani ya kamba, alipanda na kuketi. Katibu wa kamati akasoma ajenda. Wananchi waliokuwa kwenye mabenchi walijifanya wanasikiliza. Kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, Mama Cherehani alionekana chini uwanjani, kwenye kiti chake, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Jirani yake alikuwa amemsukuma mpaka kwenye kizingiti.

Katibu alimwita mara ya kwanza: "Mpinzani wa badiliko la matumizi ya uwanja, mshonaji wa nyumba ya kwanza!"

"Nipo!" sauti ilitoka nje. "Nipo hapa, mnaniona!"

"Mheshimiwa, kanuni inasema ndani ya ukumbi," Bwana Ramani alisema kwa upole mwingi. "Sikuitunga mimi."

"Kweli, kanuni ni kanuni," Mwenyekiti alisema. "Ita tena."

Katibu akaita mara ya pili. Hapohapo tarishi alipanda jukwaani na birika la maji, akakanyaga ukingoni pale zulia lilipokuwa halikufika vizuri, na jukwaa zima likalia mlio mrefu wa chuma.

Inspekta alikuwa amekwisha simama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya mara ya tatu, naomba ushuke kidogo."

"Nishuke? Tuko kikaoni, Inspekta."

"Ndiyo sababu nimeomba kwa adabu. Umekalia kielelezo."

Watu wakacheka, kisha wakaona hacheki. Mwenyekiti akashuka, wajumbe wakamfuata mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisababisha mlio wake. Koplo na tarishi walisogeza meza. Inspekta akashika ncha ya zulia jekundu, akalikunja kama mtu anayekunja mkeka.

Chini yake palikuwa na chuma cha njano chenye vinundu, kimelazwa juu ya matofali.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja kwenye benchi la nyuma alisema kwa sauti, "Haya! Wameikalia njia yetu!"

"Tarishi," Inspekta alisema, "nani alileta chuma hiki hapa?"

"Mimi na vibarua, mama. Juzi jioni. Jukwaa la mbao liliisha kwa mchwa, Bwana Ramani akasema Mheshimiwa hawezi kukaa chini, tufungue kile cha nyuma, kitarudi kikao kikiisha. Nikarudishia nati zisipotee."

"Na jana mtaa mzima ulipokuwa unatafuta mteremko, mbona hukusema?"

Tarishi alishangaa kweli. "Walikuwa wanatafuta mteremko ulioibwa, mama. Mimi nilibeba jukwaa. Nilimuuliza bwana, akaniambia ni mambo mengine hayo, usijitie. Na nyinyi hamkuniuliza."

"Kosa letu," Inspekta alisema. "Leo nimekuuliza."

Bwana Ramani alikuwa amekwisha pata tabasamu lake. "Jamani, ni kusahau tu! Kazi nyingi. Nilisahau kwamba kiko hapa, nikadhani kimeibwa. Mtu hasahau?"

"Husahau," Inspekta alisema. "Mtu anaweza kusahau alikoweka kitu. Lakini hawezi kukumbuka kitu ambacho hakikutokea. Umeniambia sasa hivi, tarishi akisikia, kwamba ulimwona mlinzi akikata uwanja na mkokoteni wenye chuma hiki. Wakati huo chuma kilikuwa chini ya zulia kwa amri yako. Huo mkokoteni uliuona wapi?"

Bwana Ramani alifungua mdomo.

"Kabla hujajibu, chungulia nje. Tope la katikati ya uwanja halijapitiwa na gurudumu lolote ila la kiti cha huyu mama. Na Sumaku yuko tayari kueleza ulichokwenda kumuuliza kabla hujaja kwetu."

Ramani iliyokuwa imetundikwa kwa pini moja ilijikunja yenyewe ukutani.

"Ulimtaka huyu mama asiingie leo tu," Inspekta alisema. "Leo peke yake ilikutosha. Kwa siku hiyo moja ukamlaza selo mtu asiye na kosa. Koplo, mchukue. Na piga simu kituoni, mlinzi afunguliwe sasa hivi, aletwe hapa kwa gari letu."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi sikujua," alisema.

"Utaulizwa, Mheshimiwa, na utajibu. Kwa sasa kuna mtu ameitwa mara mbili, na mara ya tatu bado."

"Kikao hakiwezi kuendelea bila jukwaa," Katibu alinong'ona.

"Kitaendelea," Mwenyekiti alisema, na shingo yake ilikuwa imeloa jasho. "Shusheni viti chini. Na hicho kirudishwe kwanza."

Watu wa mabenchi hawakungoja vibarua. Waliinuka wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakakinyanyua chuma na kukipitisha kwenye mlango uleule kilimoingilia, huku mtu akipiga kelele, "Polepole na fremu, msiongeze kielelezo!" Tarishi alitoa spana mfukoni mwa koti lake la ofisi, akapiga magoti kwenye zege. Nati zake zilikuwa zinamngoja palepale.

Gari la polisi lilifika akimalizia ya mwisho. Mlinzi alishuka, shati limekunjamana, akakimbia moja kwa moja mpaka nyuma ya kiti cha dada yake na kushika vipini. Inspekta alimwekea kifurushi cha kitambaa mkononi.

"Sumaku anakusalimu," alisema.

Mlinzi alikipapasa, akajua ni nini, akakitia mfukoni. Kisha akainamia kiti. "Haya, dada, twende."

"Acha, kaka," Mama Cherehani alisema. "Leo nakwenda mwenyewe. Wewe kaa nyuma tu, nisije nikarudi kinyumenyume."

Ndani, wajumbe walikuwa wamekaa sakafuni pamoja na watu, kwenye viti vilivyolingana na mabenchi. Katibu alitazama mlango, akamtazama Mwenyekiti, akaita kwa mara ya tatu.

Kilichosikika kwanza ni kiti kilicholia kama paka aliyekanyagwa mkia, kikipanda juu ya chuma, taratibu, bila kusimama, mpaka kikavuka kizingiti na kufika mbele ya Mwenyekiti, macho kwa macho.

"Nipo," Mama Cherehani alisema. "Na nina mengi. Kunyweni maji kwanza."